Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: afya ya askari iwe mikononi mwa kamanda

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu askari wanaoondolewa uwanjani bila kuguswa na risasi. Nilikuwa mhudumu wa tiba katika kombania, na wengi niliowapokea walikuja na kuhara, homa, au miguu iliyochubuka na kuoza ndani ya buti zenye maji. Karibu wote wangeweza kubaki wazima. Dawa tulikuwa nazo. Kilichokosekana ni mwenye cheo cha kuamrisha.

Mwaka 1943, Jenerali William Slim alipoanza kuliongoza jeshi la Uingereza lililopigana Burma, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Kinga ya malaria, mepakrini, ilikuwepo, ila watu hawakuimeza. Slim akaagiza askari wapimwe kwa kushtukizwa. Kikosi ambacho waliomeza hawakufikia asilimia 95, kamanda wake alifukuzwa. Walifukuzwa watatu tu, wengine wakaelewa.

Ombi langu kubwa ni hilo hilo: siku za kazi zinazopotea kwa magonjwa yanayozuilika ziandikwe katika tathmini ya kila kamanda, kama anavyoulizwa kuhusu silaha na magari yake. Mhudumu wa tiba anashauri tu. Hana uwezo wa kumlazimisha meja kuhamisha choo.

Na choo, Mheshimiwa, si jambo dogo. Kikosi kikifika mahali, kwanza hupangwa mahema na magari, kisha jiko. Choo hukumbukwa giza likiingia, kikachimbwa popote. Kinatakiwa kiwe angalau mita 100 kutoka jikoni na mita 30 kutoka chanzo cha maji, upande wa chini wa mteremko, na maji ya kunawa yawe pale pale. Mwaka 1898 homa ya matumbo iliwaua askari wa Marekani katika kambi za nchini mwao, kabla hata ya kwenda vitani. Walter Reed, daktari wa jeshi hilo, na wenzake walipochunguza waliona nzi wenye chokaa iliyonyunyizwa chooni miguuni wakitembea juu ya chakula.

Askari wa kike wanaumia zaidi hapa. Pasipo na sitara, wanajizuia kunywa maji mchana kutwa ili wasiende haja. Wanapata maambukizi ya njia ya mkojo, na joto linawaangusha mapema. Turubai na miti minne vingetosha.

Joto nalo linaua vijana wenye nguvu. Mwili huhitaji kama wiki mbili kulizoea, lakini kuruta anatolewa kwenye baridi leo na kesho anakimbizwa juani na mzigo mgongoni. Wapo wakufunzi wanaoamini kuwa kumnyima mtu maji kunamkomaza. Ni uongo, na ni hatari. Mwili haufundishiki kuhitaji maji machache. Kumnywesha kupita kiasi nako kunadhuru: zaidi ya takriban lita moja na nusu kwa saa, chumvi ya damu inashuka mno. Askari akianza kupayuka na kuyumba juani, apozwe papo hapo kwa maji baridi mwili mzima, ndipo asafirishwe. Dakika zinazopotea kungoja gari ndizo zinazomuua.

Yote haya hayatafaa ikiwa anayesema anaumwa ataitwa mtegaji mbele ya wenzake. Kwa kuogopa jina hilo, askari anaficha kuhara siku mbili, kumbe ndiye anayepakua chakula cha platuni nzima. Tafadhali toa agizo, kwa maandishi, kwamba hakuna kiongozi wa ngazi yoyote atakayemzuia askari kumwona mhudumu wa tiba, na kwamba atakayezuia atachukuliwa hatua za nidhamu. Naomba agizo hilo livifikie vikosi kabla ya mazoezi ya uwanjani yajayo.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa tiba mstaafu wa jeshi