Wahudumu wa hoteli hawahamishwi na mshahara pekee

Mhariri,

Wenye hoteli wa Pwani hulalamika kwamba wahudumu na wapishi waliowanoa wenyewe wanakimbilia Dubai, Doha na meli za kitalii. Lawama zote hutupiwa mshahara wa huko. Ninasimamia ukumbi wa chakula katika hoteli moja ya Diani, na wengi walioondoka walinieleza sababu zao. Pesa zinavuta, sikatai. Ila moyo wa mtu huwa umeshahama kabla hajaomba pasipoti.

Anayehudumia chakula cha jioni hutoka saa tano usiku. Kwake ni Ukunda, au mbali zaidi upande wa Msambweni. Matatu ni za kubahatisha saa hizo, kwa hivyo dada wa watu anapanda bodaboda ya mtu asiyemjua, kwa nauli yake mwenyewe. Asubuhi akichelewa, anaandikiwa barua ya onyo. Hoteli yenye gari la kuwachukua wageni uwanja wa ndege inashindwaje kuwafikisha wafanyakazi wake nyumbani?

Kisha masika yaingie. Kati ya Aprili na Juni wageni hupungua, na wengi huambiwa wakae nyumbani bila malipo mpaka watakapoitwa. Lini? Hakuna anayewaambia, na shule zinafungua muhula wa pili zikidai karo. Naelewa kwamba hoteli tupu haina pesa. Lakini kutaja tarehe ya kurudi hakugharimu kitu, na siku 21 za likizo yenye malipo ambazo sheria inampa mwajiriwa zingeweza kupangwa miezi hiyo, kwa makubaliano naye.

Wapo pia vibarua wanaozungushwa mwaka baada ya mwaka, ilhali kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Anayehesabiwa mpita njia ataipenda hoteli kwa lipi?

Hasara ni ya hoteli yenyewe. Mgeni kutoka Ujerumani anayerudi kila mwaka humuulizia mhudumu anayemsalimu kwa Kijerumani na kujua asichokula. Mhudumu mpya hayajui hayo.

KUDHEIHA, chama kinachotetea wafanyakazi wa hoteli, na waajiri watakapoketi tena kujadili mkataba wa pamoja, naomba usafiri wa usiku na ratiba ya msimu mbaya viandikwe humo, sambamba na nyongeza ya mshahara.

Msimamizi wa ukumbi wa chakula,
Diani, Kwale