Povu la nazi nalo lipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wanaotengeneza shampuu na sabuni za maji za kuogea majumbani, hasa walioanza kutumia koko glukosaidi, kiungo cha povu kinachopatikana kwa kuunganisha alkoholi zitokanazo na mafuta ya nazi na sukari ya glukosi. Ni kiungo kipole, huoza upesi kikimwagwa, na nafurahi kuona wenzangu wakikipenda. Hata hivyo, kutoka kwenye nazi hakukiondolei ukali.

Kikiwa bado kwenye dumu, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho namba kubwa huonyesha alkali kali, kwa kawaida huwa kati ya 11.5 na 12.5, ilhali ngozi ya mtu ni karibu 5. Kwa hiyo anayekichanganya na maji na manukato tu, kisha akafunga chupa na kuuza, anaweza kumkausha mteja nywele na kumwachia muwasho kichwani. Ayeyushe asidi ya sitriki katika maji, aitie kidogo kidogo huku akikoroga taratibu, na apime kwa karatasi za pH mpaka ishuke kufikia 5.5 hivi.

Linaloniumiza zaidi ni utomvu wa mshubiri mbichi unaotiwa humo bila kihifadhi chochote. Katika joto letu la pwani, bakteria na ukungu huota humo upesi, pengine kabla harufu haijabadilika, na wapo wanaowaogeshea watoto wachanga. Nawasihi wauzaji wa malighafi wasimpe mtu dumu la povu bila kumwonyesha kihifadhi na karatasi za kupimia.

Mtengenezaji wa sabuni,
Tanga