Shukrani kwa fundi wa Lukaya

Kaka yangu, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma hadi leo. Ni mimi wa gari la maharage lililozimika usiku njiani kwenda Masaka, Uganda, tumeshapita Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, mama yangu mgonjwa kakaa mbele kajifunika kanga.

Ulisimamisha bodaboda yako bila kupungiwa mkono. Ulipofungua boneti harufu ya mkojo wa panya ikatupiga usoni. Kando ya betri kulikuwa na kiota cha maganda ya mahindi na uzi wa gunia, na nyaya tatu zimeguguniwa mpaka shaba inang'aa. Mbili zilikuwa zimegusana, fyuzi imeungua. Kwanza ukachomoa waya hasi wa betri, ndipo ukaanza kuunga, waya mmoja mmoja, simu umeibana kwa meno ikimulika. Mikono yako haikuwa na haraka hata kidogo.

Ulinieleza kwamba meno ya panya hayaachi kukua, lazima agugune apate kuyapunguza, na kwamba punje zinazomwagika garini ndizo zinazomwita. Sasa kila nikishusha mzigo nafagia, na boneti naifungua kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Pesa ulikataa. Ulimtazama mama ukasema, "Mpeleke mzee kwanza." Tulifika. Alitibiwa, na anakuombea kila swala. Webale nnyo, ssebo, yaani asante sana, bwana. Ukipita Masaka sokoni, upande wa nafaka, uliza gari la maharage. Nakusubiri.