Seva Imewaka, Mafaili Yako Wapi?

Simu tunazopokea mara nyingi huanza hivi: umeme ulikatika, seva ikawaka tena, lakini folda ya pamoja ni tupu. Mtu anaogopa data imefutika. Kwa kawaida ipo. Diski yenye data ilikuwa haijapachikwa (mount, yaani kuunganishwa na folda yake) wakati NFS, huduma ya kugawa mafaili kwenye mtandao, ilipoanza, basi seva ikagawa folda tupu iliyo chini yake.

Tunaomba kitu kimoja kabla ya vyote: asiwepo wa kuhifadhi chochote humo. Faili jipya litaangukia kwenye diski ya mfumo, na diski halisi ikishapachikwa juu yake, halitaonekana tena. Kuunganisha matoleo mawili ya kazi ya watu ni kazi ya kuchosha, tena ya hatari.

Kosa liko kwenye skripti ya kuwashia. Ukikuta ndani yake sleep 30, yaani subiri sekunde 30, jua kuna aliyebahatisha. Siku diski itakapochelewa sekunde 31, tatizo limerudi. Kwenye Linux yenye systemd, programu inayoanzisha huduma, tunaongeza kwenye mipangilio ya huduma RequiresMountsFor (inahitaji diski ipachikwe kwanza) na njia ya folda inayogawiwa. Mradi diski imeandikwa kwenye fstab, orodha ya diski za kupachikwa, isipopachikwa huduma haianzi. Tunaweka pia chaguo la mountpoint, linalozuia kugawa folda ambayo diski haijapachikwa, kwenye faili la exports, orodha ya folda zinazogawiwa. Afadhali huduma igome waziwazi kuliko igawe folda tupu.

Mtandao nao una mtego wake. Hatua ya systemd iitwayo network.target haimaanishi kwamba anwani ya IP imepatikana. Inayosubiri hilo ni network-online.target. Na kwa NFS toleo la 3, rpcbind, inayotaja kila huduma iko poti gani, lazima itangulie, maana mountd, sehemu ya NFS inayopokea maombi ya kupachika, hujisajili kwake. Toleo la 4 linatosheka na poti 2049.

Tafadhali usiizime na kuiwasha NFS mara tatu mfululizo eti imeganda. Toleo la 4 kwenye Linux likiwaka upya, kwa kawaida husubiri sekunde 90 ili mashine za watumiaji zidai tena kufuli zao za mafaili. Ukiiwasha tena, kusubiri kunaanza upya. Kama umebadilisha exports tu, amri ya exportfs -ra, inayosoma upya orodha hiyo, inatosha.

Tukija kukagua, tutaizima seva kabisa na kuiwasha mara mbili, ya pili tukiwa tumechomoa diski ya data, tuone skripti ikikataa kuanzisha huduma. Tupangie saa ambayo hakuna anayeitumia.