Naomba ukaninusie hema

Kaka, shikamoo, ingawa umenizidi miezi mitatu tu na najua utaiitikia kwa sauti nzito. Za Iringa? Baridi imepungua au bado mnashinda na makoti mpaka saa tano asubuhi? Huku Moro tupo, joto lipo, mbu ndo usiseme, mama Shani anakusalimia. Nimekaa kimya tangu ule msiba wa kina Kiduku, na habari zimenifikia kwamba unawaambia watu mimi nakutafuta nikiwa na shida tu. Sasa kaka, nina shida.

Shida yenyewe ni hema. Usicheke kwanza.

Pasaka niliwapeleka watoto Udzungwa, si unajua ile hifadhi huingii na gari, ni miguu yako tu, tukapanda mpaka maporomoko ya Sanje, mita 170 zile, Shani akapanda kama swala na mimi nikapanda kama mimi. Mpaka hapo raha. Usiku tukalala Mang'ula kwenye lile hema la nailoni nililonunua Kariakoo, lile unalirusha linajifungua lenyewe, nililokutambia sana kwenye simu. Mvua ikaanza saa tatu, tukafunga zipu zote, watu watano ndani. Saa nane usiku naamshwa na tone puani. Tone la pili. Nawasha tochi, dari yote imejaa matone kama sufuria ya wali ukiifunua, blanketi zimelowa, mdogo analia. Nikatoka nje nimevaa taulo kukagua, mshono haujaachia hata mmoja, maji ya mvua yanateleza vizuri kabisa. Kumbe yale ya ndani ni pumzi zetu wenyewe, yaani tumejinyeshea! Asubuhi jua likatoka, kufika saa mbili humo ndani ni tanuri. Mama Shani hakusema neno mpaka tunafika Mikumi, na wewe unamfahamu, akinyamaza hivyo bora angepiga kelele.

Ndo nikakumbuka yale mahema yetu ya jeshini, yale ya kijani mazito. Tulilala kumi na wangapi mle? Mvua ya usiku kucha na hakuna aliyelowa, labda yule aliyekuwa anagusa kitambaa kwa kidole tukamwambia aache, na kweli pale alipogusa pakaanza kuchuruzika. Pamba bwana. Uzi wa pamba ukilowa unavimba unaziba vitundu, mvua inabaki nje lakini hewa inapita, jasho lenu linatoka. Na mchana hakuunguzi vile. Unakumbuka afande yule mzee wa Tanga aliyeuliza "mambo?" Kiduku akajibu "poa afande" akarushwa kichura nusu saa, kumbe mzee anaulizia vigingi vya hema, kwao kigingi ndo mambo. Mpaka leo nikishika kigingi nacheka peke yangu.

Sasa sikiliza. Kuna mtu huko kwenu anauza hema, anasema limetoka kambi moja ya watalii upande wa Ruaha iliyofungwa, mita tatu kwa nne, 850,000, na ameandika "hema la turubai original". Hapo ndo pananisumbua, hilo neno turubai. Maana kwa Kiswahili chetu turubai ni kila kitu, lile la bluu la kufunikia mahindi ni turubai, la lori ni turubai, na la pamba nalo ni turubai. Kuna fundi hapa Msamvu anashona ya malori, nilipomweleza shida yangu akafurahi, akasema laki nne anamaliza Jumamosi, nikashika kile kitambaa, plastiki tupu! Imara sana sikatai, lakini nikilala mle si ni jasho lile lile, tena lenye bei? Nikamwambia nitarudi. Sijarudi, siku hizi nazungukia barabara ya nyuma.

Kwa hiyo naomba uende ukalione, na zaidi ya kuliona, ukalinuse. Simaanishi kulinusa likiwa limening'inia kwenye upepo. Mwambie alikunje, ukae dakika kadhaa mnapiga stori, halafu ufungue katikati ya mkunjo uingize pua. Likinuka kabati la bibi, au nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, ondoka. Pamba adui yake si mvua, ni kukunjwa bichi, siku mbili tatu tu ukungu unaingia na ukishaingia hautoki hata uombe. Angalia vidoa vyeusi kama pilipili manga, hasa chini kule kwenye kona na pale kitambaa kinapoungana na sakafu. Vidoa viwili vitatu nitavumilia, lakini ukiona, shika hapo hapo kwa vidole gumba viwili uvute. Kama kinachanika kama zile kaptula zetu za darasa la saba basi kimeoza, hata akisema atapunguza. Akisema limefuliwa kwa sabuni ya unga nalo ni tatizo, sabuni inatoa ile dawa ya kuzuia maji, kwa hiyo mwagia kikombe cha maji kwa juu uone, yakae kama shanga yateleze.

Na kiberiti usisahau. Omba uzi mmoja unaoning'inia pembeni uuchome. Pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu, plastiki inayeyuka inakuwa kashanga kagumu. Ikiwa inafanya yote mawili basi ni ule mchanganyiko wa pamba na poliesta, huo nao sina ugomvi nao, ni mwepesi kidogo na hauozi haraka. Akikataa usichome uzi mmoja tu wa pembeni, ujue umeshapata jibu.

Mama Shani yeye ana sharti moja tu, sakafu iwe imeshonewa. Wakati ule wa Mang'ula siafu walipita mita chache kutoka mlangoni, mstari mweusi unatembea kama maji, tangu hapo ukisema hema anauliza sakafu. Shani naye anataka la nguzo moja katikati, lile linalokaa kama kengele, kaliona kwenye simu, akaniletea na historia yake eti kuna mwanajeshi wa Marekani, Sibley, alilisajili 1856. Ni zuri sana, sikatai, mna nafasi ya kusimama wima, ila nguzo katikati na yule mwanangu mdogo anayekimbia kama kafungwa injini, naiona kabisa jioni ya kwanza tunamfunga plasta kichwani. Mimi moyo uko kwenye lile la A, nguzo mbili na mti wa juu, kama yetu ya jeshini. Hilo la muuzaji kwenye picha linaonekana la A lakini limepigwa picha limelala, utadhani mgonjwa. Waambie walisimamishe!! Hesabu mabomba ya nguzo, yakikosekana moja siwezi kulipata dukani.

Uzito sijui. Nakadiria kilo arobaini na mabomba yake. Konda wa basi atalia pale, lakini unalaza chini kwenye buti, mimi napokea Msamvu, kwa kificho, fundi asinione.

Lipya la kushonwa Arusha wameniambia karibu mara mbili ya hiyo bei, halafu jipya inabidi ulilowanishe kwa makusudi na kulikausha mara mbili tatu mpaka mishono izibe, ndo maana hili la mtumba nalipenda, limeshanyeshewa na wenzetu. Kama halijaoza. Narudi pale pale, pua yako ndo itaamua.

Haya, unaweza kwenda lini? Jumamosi? Mguu wa mama umepona au bado anaukataa ule mkongojo? Kiduku alikulipa? Ni kweli Mzungu wa Kihesa ameoa tena au ni maneno ya watu? Na desemba shule zikifungwa mnakuja wote, au nije mimi huko tuingie Ruaha, ila Ruaha desemba si joto la kufa? Wewe ulikuwa unalalaje mle kipindi kile unapika kambini?

Hela nitakutumia kwenye simu ukishanusa, kabla ya hapo usimwonyeshe mtu kwamba tunalitaka. Nenda mapema, saa nne, kwenye mwanga. Na kaka, mambo yahesabu. Vigingi, namaanisha.