Ubishi wa saa za maji

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu juu ya huu ubishi wetu sisi wavuvi wa mshipi, wale wa kujifurahisha, wa kipi cha kufuata, nadharia na simu au uzoefu wa wazee, maana sa hivi umezidi. Kijana akitoa simu yake aseme kesho Likoni maji yanajaa saa kumi na robo, hajamaliza washamrukia, ati wewe ni mvuvi wa simu, ushawahi kutoa hata samaki mmoja, hata changu? Na yeye badala ya kujibu anaanza kumwaga Newton na mwaka 1687 na mvuto wa mwezi mpaka watu wanafungua vikapu vyao kuangalia chambo.

Kwani hizo saa zimetoka wapi? Newton alieleza kwa nini maji yanajaa na kupwa, lakini hesabu zake peke yake haziwezi kukwambia bandarini Kilindini, hapa Mombasa, yatajaa saa ngapi, manake kila bandari ina kina chake na kona zake. Inabidi maji yapimwe palepale muda mrefu ndo yapigiwe hesabu ya siku za mbele. Kwa hivo lile jedwali la saa za maji lililomo kwenye simu ni uzoefu, umeandikwa tu. Na wazee wasiotaka kusikia nadharia ndo hao hao wanahesabu mwezi, wanajua bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, inashika sawasawa siku moja mbili baada ya mwezi mpevu na tena mwezi ukishaandama, na siku hizo hapa kwetu maji yanajaa mnamo saa kumi yanapwa mnamo saa nne, halafu kila siku yanasogea kama dakika 50. Sasa hiyo si nadharia ni nini? Wallahi wanagombana na kumbe wanasema kitu kimoja.

Kwa samaki ndo mambo mengine. Zile programu za kuonyesha saa nzuri za kuvua, nyingi zinafuata wazo la Mmarekani John Alden Knight la mwaka 1926, la jua na mwezi, na hazijui kama upepo wa kusi umevuma maji yamechafuka, wala hazijui ngisi wako wa chambo ni wa jana. Hapo namsikiliza babu. Ila babu naye akiapa changu hali maji yakipwa namuuliza wapi, maana yeye anatupa ndoana mwamba mmoja tu na mwenzake wa Mtwapa anaapa kinyume, na wote wana samaki ndooni. Kusema nimevua miaka thelathini hakutoshi, tuambie mahali, mwezi wa siku ngapi, upepo gani, chambo gani, na siku ulizorudi mikono mitupu pia, hizo mbona hatuletewi picha.

Mhariri, kama pana nafasi tuwekeeni saa za maji ya Kilindini kila siku kando ya hali ya hewa, na tarehe ya mwezi hapo hapo. Wasiotaka simu watasoma gazeti.

Mvuvi wa mshipi,
Likoni, Mombasa