Madai ya kampuni za kurejesha kodi Uingereza: usilipe kabla hujaona karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwazindue Wazanzibari waliowahi kufanya kazi Uingereza, na jamaa zao walioko Unguja na Pemba, juu ya kampuni zinazojitangaza kuwarejeshea watu kodi. Mtu ameshahamia nyumbani, Wete au Mkoani, mara inaingia barua pepe: unadaiwa pauni kadhaa, lipa ndani ya siku saba au utashitakiwa. Deni kwetu ni jambo zito, hakuna anayetaka kufa nalo, kwa hivyo wengi hukimbilia kutuma pesa bila ya kuuliza deni lenyewe limetokana na nini.

Kampuni hizi si HMRC, ambayo ndiyo mamlaka ya kodi ya Uingereza. Ni mawakala binafsi. Mtu hujaza fomu kwenye simu ili ajue tu kama kuna kodi ya kurejeshewa, anatia saini kwa kidole, na saini ile ile huwekwa chini ya karatasi zaidi ya moja: mkataba wa ada, ruhusa ya wakala kuzungumza na HMRC na, zamani, hati ya kumhawilishia wakala haki ya kupokea marejesho. Baadaye HMRC yenyewe ikiona kuwa alikatwa kodi zaidi na kumrejeshea pesa, kampuni hudai asilimia yake kwa hoja kwamba mkataba upo.

Tizameni hesabu ya sare za kazi, kwani jamaa zetu wengi wako hospitali na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Muuguzi anayefua sare zake mwenyewe huruhusiwa kupunguza pauni 125 kwa mwaka katika pato linalotozwa kodi. Anayekatwa asilimia 20 hurejeshewa pauni 25 kwa mwaka, na huweza kudai hadi miaka minne iliyopita, yaani pauni 100. Kampuni ikitoza asilimia 40 pamoja na VAT ya asilimia 20 juu ya ada, inachukua 48. Dai hilo hilo mtu angelipeleka HMRC mwenyewe kwa fomu ya P87, bila ya ada yoyote.

Kubwa zaidi ni pale wakala anapoandika gharama ambazo mteja hakuzitumia. HMRC ikishagundua, humdai mlipakodi, si wakala. Marejesho yakiwa pauni 1,000, mteja alipata 520 tu, lakini atatakiwa arejeshe 1,000 zote na riba juu yake. Barua ya HMRC ya namna hii isiwekwe kando hata siku moja: muda wa kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa HMRC kwa kawaida ni siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, na asiyeweza kulipa kwa mkupuo huomba kulipa kidogo kidogo.

Dai likiwa la kampuni, jibu kwa maandishi, usikubali deni kwa simu wala WhatsApp. Taka nakala ya mkataba yenye tarehe na saini, nakala ya dai walilopeleka HMRC, na ushahidi wa kiasi kilicholipwa, lini, na kwa nani. Kisha linganisha na akaunti yako ya kodi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Kampuni ambayo haikufanya kazi yoyote mara nyingi hukwama kwenye karatasi ya pili.

Angalia tarehe kwa makini. Hati ya kuhawilisha marejesho ya kodi ya mapato iliyotiwa saini tangu 15 Machi 2023 ni batili kisheria. Lakini ubatili wake haufuti mkataba wa ada, na hapa watu huteleza. Mkataba uliofungwa kwa intaneti una siku 14 za kuuvunja, na mteja ambaye kampuni haikumjulisha haki hiyo huongezewa muda huo hadi miezi 12 zaidi. Kwa England, deni la mkataba lililopita miaka sita bila ya kulipwa wala kukiriwa kwa maandishi, mdaiwa akishitakiwa anaweza kujitetea kwamba muda wa kushitaki umeshapita; ndiyo maana nasema usiandike "nitalipa" kabla ya kuhesabu miaka.

Barua ya mkusanya madeni si hukumu, naye hana mamlaka ya kukamata mali. Fomu ya madai ya mahakama ni jambo jingine: ndani ya England hujibiwa kwa siku 14, na muda hubadilika ikiwa imepelekwa nje ya nchi. Ikipelekwa kwenye anwani ya zamani, hukumu inaweza kutoka bila ya wewe kujua. Ikishatoka, huombwa ifutwe kwa fomu ya N244, na kuchelewa kunaharibu ombi. Walioko huko wapite Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, ushauri wao ni bure.

Aliyerudi nyumbani aijulishe HMRC anwani yake mpya. Asiyeweza kuingia mtandaoni aandike barua, ataje namba yake ya Bima ya Taifa ya Uingereza (National Insurance) na anwani zote mbili, na aombe kila wakala aliyeorodheshwa kwa jina lake aondolewe.

Mhasibu,
Chake Chake, Pemba